Bunduki ya gumegume: majira mawili ya baridi kwenye banda la mzee wa Pennsylvania (uzi mrefu, kaa mkao)

Seremala_wa_Keko

Wakuu, naanza na neno moja: gumegume. Nyumbani ukisikia "mwanamume gumegume" unaelewa papo hapo. Yupo, lakini hayupo. Nimelitumia neno hilo tangu utoto bila kujua kwamba ni jiwe. Ni lile jiwe gumu linalotoa cheche likigongana na chuma cha pua, na bunduki za kale zilizowashwa nalo wazee wetu waliziita bunduki za gumegume. Jiwe likishakuwa butu unavuta triga, linagonga ta!, halafu kimya. Sisemi ndiko lilikotoka lile tusi, ila kila jiwe likinigomea namkumbuka jamaa mmoja wa mtaani kwetu.

Mimi ni seremala. Kazi nimejifunzia Keko, vitanda na makabati, kabla maisha hayajanileta huku Lancaster, Pennsylvania, ambako nafunga makabati ya jikoni. Jirani yangu ni mzee mstaafu, na kwenye banda nyuma ya nyumba yake anatengeneza bunduki za gumegume kwa mkono, kwa kufuata kazi za mafundi walioishi wilaya hiihii miaka 250 iliyopita. Siku moja alinikuta napiga randa uani. Akasimama kwenye uzio, akautazama mkono wangu weee, kisha akauliza kama nimewahi kuchonga mbao ngumu kweli. Nikamwambia mninga. Hakuujua. Nikamletea kipande, akakinusa, akanifungulia mlango wa banda.

Kabla mtu hajaniita jambazi: sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 inaihesabu bunduki ya namna hii kuwa kitu cha kale, hata iwe imetengenezwa juzi, na jimbo hili lina msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ya gumegume tangu 1974. Ndiyo maana mafundi wake bado wana wateja. Nyumbani ni habari nyingine kabisa, tutafika huko.

Sasa kisa chenyewe. Katikati ya karne ya 18 maeneo haya yalijaa wahamiaji wanaozungumza Kijerumani. Walikuja na bunduki za kuwindia za kwao, fupi na nene, zenye michirizi ndani ya mtutu inayozunguka ili risasi itoke ikijizungusha na kushika mstari. Huku msituni risasi na baruti vilikuwa ghali na duka liko mbali. Mafundi wakaurefusha mtutu ukapita mita moja, na kadiri miaka ilivyokwenda wakalipunguza tundu. Hesabu yake ni ya mwenye duka tu: paundi moja ya risasi, yaani kasoro kidogo nusu kilo, inatoa vidonge kama 14 vya musketi ya jeshi la Uingereza. Ukiimwaga kwenye kalibu ya zile bunduki nyembamba zaidi unapata zaidi ya 50. Mtu akabeba mfuko mmoja akaingia porini miezi.

Dunia inaziita bunduki za Kentucky, lakini zilizaliwa hapa. Mzee ana majina yake anayoyataja kama sisi tunavyowataja wachezaji wa zamani wa Simba na Yanga. Jacob Dickert, aliyezaliwa Mainz 1740, akafanya kazi Lancaster mpaka alipofariki 1822. Andreas Albrecht na Christian Oerter, waliokuwa kwenye kijiji cha Wamoravian kiitwacho Christian's Spring. Anaweza kuitazama picha ya kitako akakwambia kimechongwa wapi, kama bibi anavyokwambia mkeka huu ni wa Pemba.

Sheria yake bandani ni moja: umeme hauigusi mbao.

Mbao yenyewe ni ya mti wa mepo, ule wenye jani lililo kwenye bendera ya Kanada. Anachagua yenye mawimbi, ukiigeuza kwenye mwanga inachezacheza kama hariri. Nzuri kwa macho, adui wa randa. Nyuzi zinapanda na kushuka, ukikosea upande unang'oa nyama. Na kazi ya kwanza ni kuulaza mtutu ndani yake. Mtutu una pande nane halafu haukwenda sawa: nyuma mnene, katikati unapungua, mdomoni unanenepa tena kidogo. Kwa hiyo huwezi kupiga mfereji mmoja ukasema tayari. Unaupaka mtutu masizi ya koroboi, unaulaza, unaugonga kwa ngumi, unautoa. Palipobaki doa jeusi ndipo mbao inapogusa. Unakwangua doa, doa tu, unarudia. Siku ya kwanza nilihesabu mara 60 nikaacha. Mwisho wa yote ukuta wa mbao uliobaki pembeni ya mtutu una milimita kama 3.

Kisha tundu la mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Linatobolewa chini ya mtutu kwa kekee ndefu kuliko mkono wangu, bila kuona ncha iko wapi. Kekee yangu ilifuata nyuzi, ikapinda, ikatokea ndani ya mfereji wa mtutu. Mzee aliangalia, hakusema kitu, akanyoosha kidole kwenye rundo la kuni. Kazi ya miezi minne. Tulipikia chai.

Nitaendelea na mtambo nikitoka kazini.

Mnyaki_Rungwe

Naweka kambi. Mkuu umesema Wamoravian? Wamoravian hawahawa wetu?

Seremala_wa_Keko

Haohao, kaka. Kanisa lilelile lililofika Rungwe 1891. Miaka zaidi ya 100 kabla ya hapo walikuwa wamejenga vijiji vyao Pennsylvania, kila kazi ina nyumba yake: wafinyanzi, washona viatu, wahunzi, na Christian's Spring vijana wakifundishwa kutengeneza bunduki. Oerter aliandika jina na mwaka kwenye baadhi ya kazi zake, 1774 na 1775, ndiyo maana zinapendwa sana na wanaofuatilia haya mambo.

Na ukitaka la kanisani zaidi: aliyeichimbia kaburi gumegume naye alikuwa mchungaji. Alexander Forsyth wa Belhelvie, Scotland. Alikuwa akiwinda ndege, nao wakiona mwako wa baruti pembeni ya bunduki wanaruka kabla risasi haijatoka. Akatafuta njia ya kuwasha kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, akapata hataza 1807. Kutoka hapo ndipo zikaja fataki, vile vikofia vidogo vya kulipuka vikigongwa. Ndege tu walimsumbua mtu wa Mungu.

Sheikh_Mkunazini

Assalaam aleykum. Mleta mada umenikumbusha mbali. Naomba niongeze msamiati, maana naona vijana wanasema "ile kitu ya kuwashia".

Wazee wa pwani walikuwa na daraja tatu. Bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi unaofuka. Ndiyo waliyoipenda watu wa Oman, wakiiita bu fatila, wakaendelea nayo hata wenzao walipokwisha kuihama. Ya pili ya gumegume. Ya tatu ya fataki. Zote hizo hushindiliwa mdomoni kwa mdeki, na watu wa bara wakaziita magobore. Pale pembeni panapotiwa baruti kidogo ya kuwashia, pamoja na kitundu chake, panaitwa kifa. Mtutu ni kasiba. Chuma kilichofuliwa kikazimwa vizuri kimetiwa matiko. Hizo springi zenu zilikuwa kamani. Na bunduki yenyewe asili yake Kiarabu, bunduq, kokwa ya kula, kwa kuwa kidonge cha risasi kilifanana nayo.

Seremala_wa_Keko

Sheikh, umenipa zawadi. Kifa nilikuwa naita "kisahani" majira mawili. Matiko naanza nalo leoleo.

Basi mtambo. Unaouona kwa nje ni bamba moja la chuma lenye vitu vitatu. Cha kwanza ni mkono wenye taya mbili unaoshika jiwe. Waingereza na Wajerumani wanauita jogoo, Wafaransa wanauita mbwa. Kila mtu aliona mnyama wake. Cha pili ni kibamba cha pua kilichosimama mbele ya jogoo, ambacho pia ndicho kifuniko cha kifa. Cha tatu ni kifa. Ukivuta triga, jogoo anashuka, jiwe linakwangua uso wa kile kibamba, kibamba kinasukumwa mbele na kukifunua kifa wakati huohuo cheche zinaanguka. Kitendo kimoja kinawasha na kufunua. Ubunifu huo huhesabiwa wa Marin le Bourgeoys, fundi wa Lisieux, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1600. Kabla yake kulikuwa na mitambo ya jiwe, lakini kifuniko na kibamba vilikuwa vitu viwili. Yeye akaviunganisha, na watu wakaishi na mtambo huo zaidi ya miaka 200.

Jambo ambalo sikulijua: cheche si za jiwe. Ni vipande vidogo vya chuma vinavyong'olewa na jiwe vikiwa vyekundu. Kwa hiyo kibamba kikiwa laini, jiwe linachimba na hakuna moto. Kikiwa kigumu kama kioo, jiwe linateleza. Bunduki nzima iko hapo kati.

Jiwe nalo lina kwao. Yale meusi yanatoka Brandon, Suffolk, ambako watu walirithishana kazi ya kuyapasua. Ya Kifaransa yana rangi ya asali. Linafungwa kwa kipande cha ngozi lisivunjike kwenye taya. Likikaa vizuri unapata milio 20 au 30, kisha unalinoa au unalitupa.

Fundi_Gerezani

Mkuu nimesoma yote nimesimama hapa na tupa mkononi. Swali la kitaalamu. Hiyo springi kubwa ya kumrusha jogoo wanatumia chuma gani? Sisi huku kila kitu springi ya gari. Na hayo matiko mnayapima vipi bila kipimajoto?

Seremala_wa_Keko

Fundi, kipimajoto ni rangi, na nadhani ndivyo mfanyavyo na patasi zenu. Springi inafuliwa kutoka kwenye feleji, inakunjwa kama V, inapashwa mpaka iwe nyekundu, inazamishwa kwenye mafuta. Hapo ni ngumu lakini ukiiangusha inapasuka kama sahani. Unaisugua ing'ae, kisha unaipasha taratibu na kutazama rangi zikipita juu ya chuma: njano ya majani makavu, hudhurungi, zambarau, halafu buluu. Ikifika buluu unaitoa. Ni kama nyuzi 300 hivi. Ukichelewa pumzi moja buluu imefifia na springi imekuwa waya wa kuanikia nguo.

Mimi nimevunja tatu. Ya kwanza ilikatika nikiwa nimeibana kwenye vaisi, kipande kikapita karibu na sikio langu kikakita kwenye boriti. Kipo palepale. Mzee amekizungushia duara kwa chaki na kuandika tarehe.

Fundi_Gerezani

Hahaha huyo mzee ni wa kwetu kabisa. Buluu sawa, sisi patasi ya chuma tunaishia kwenye njano ikianza kukolea. Pamoja sana.

Wa_Kitui

Nimeingia tu kupitia, nikajikuta nimesoma hadi hapa. Swali langu ni moja. Huo mtutu je? Umesema mbao, umesema mtambo. Mtutu anatengeneza nani? Maana hapo ndipo kuna bunduki, hayo mengine ni urembo.

Seremala_wa_Keko

Umenishika pabaya, ndugu yangu. Mtutu ananunua. Kuna watu kazi yao ni mitutu tu.

Mimi pia nilimuuliza hivyo, tena kwa kiburi kidogo: kwa hiyo si kazi ya mkono mzee? Hakujibu. Mwezi uliofuata akanichukua kwenye gari lake bovu tukaenda Williamsburg, Virginia, saa nyingi barabarani. Pale wameutunza mji wa karne ya 18, na kuna karakana ya bunduki ambayo tangu miaka ya 1960 mafundi wake wamefufua kazi yote, kuanzia chuma kibichi mpaka bunduki iliyokamilika, kwa zana za zamani tu. Mji ulikuwa na wahunzi wa bunduki kweli. Ndugu wawili, David na William Geddy, walitangaza kazi yao kwenye gazeti la huko 1751.

Wakuu, nilichokiona sijakisahau. Mtutu unaanza kama ubapa wa chuma. Unapashwa, unakunjwa kuzunguka fimbo, kingo zikutane, kisha unaunganishwa kwa moto na nyundo, si kwa gundi wala kulehemu. Wanaunganisha inchi chache kwa kila kupasha. Chuma kinatoka kikiwa cheupe kinachuruzika cheche, mmoja anashika koleo, mwenzake anapiga, haraka haraka, kinarudi motoni. Mtutu una zaidi ya mita. Fanya hesabu mwenyewe. Halafu ndani kunakwanguliwa kwa siku kadhaa mpaka tundu liwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu michirizi: kuna gogo lenye mifuo ya mzunguko kama skrubu kubwa, linavutwa na kusukumwa, na mbele yake kijino cha pua kinatoa ndani ya mtutu unyoya wa chuma. Mkipita mara nyingi kijino kimekwisha kula chake, mnakiinua kwa kukiwekea karatasi chini. Karatasi! Michirizi 7 mara nyingi, mmoja baada ya mwingine.

Nikamwambia mzee, hawa ndio mafundi. Akacheka. Ndipo akanieleza njia nzima ya kurudi.

Alichosema kwa ufupi ni hiki. Dickert na wenzake hawakuwa wakifanya kila kitu pia. Pembeni mwa vijito vya Lancaster na Reading kulikuwa na vinu vya maji vya kukwangua mitutu, na fundi wa mjini alinunua mtutu huko. Mitambo mingi ilikuja kwa meli kutoka Uingereza na Ujerumani. Kule Birmingham ndiyo kabisa: mtaa mzima wa bunduki, mtu mmoja anaunganisha mitutu maisha yake yote, mwingine anapiga tupa mitambo, mwingine mbao, na vijana wakikimbiza vipande vichochoroni toka nyumba hii hadi ile. Yule fundi mmoja pekee mlimani na nyundo yake ni hadithi tamu ya watu wa leo. Karakana ya Williamsburg inafanya yote chini ya paa moja kwa sababu wanataka kila ujuzi usife, si kwa sababu kila mtu wa 1770 alifanya hivyo.

Nikamuuliza, basi mkono uko wapi? Akaegesha gari kituo cha mafuta, akafungua kitambaa, akanionyesha mitambo miwili aliyoitengeneza mwenyewe mwaka mmoja kwa mfano mmoja. Akatoa skrubu ya huu akanipa niifunge kwenye ule. Haikuingia. Ile ya ule kwenye huu ikaingia nusu ikagoma. Kila kipande kimepigwa tupa mpaka kimwelewe mwenzake, na hakimwelewi mwingine. Ndiyo maana mafundi wa kale waliweka alama ndogo za patasi kwenye vipande, ili wakivifungua visichanganyike na vya bunduki ya jirani.

Hilo ndilo lililowatesa majeshi. Bunduki ikivunjika skrubu vitani, humpi askari skrubu, unampa fundi. Mwaka 1785 Mfaransa Honoré Blanc alimwita Thomas Jefferson, wakati ule balozi wa Marekani Paris, akamwekea mbele mitambo 50 iliyofunguliwa, vipande vimepangwa aina kwa aina. Jefferson akaokota bila kuchagua, akaunga mitambo kadhaa kwa mikono yake, ikakaa sawasawa. Akaandika barua nyumbani kwa msisimko. Miaka 13 baadaye Eli Whitney akaahidi serikali ya Marekani bunduki 10,000 katika miaka miwili, alimaliza 1809. Hata hivyo mlango ulikuwa umeshafunguka, na kilichoingia kupitia mlango huo ndicho kiwanda, na baadaye kabisa bawaba ninazofunga mimi kwenye makabati, kila moja ndugu wa nyingine.

Wa_Kitui

Nimekubali. Endelea.

Bint_Bagamoyo

Nimesoma kwa utulivu, uandishi mzuri. Ila naona mmesifia weee, rangi ya asali, hariri, sijui buluu. Mimi nimekulia mita chache kutoka zilipokuwa zikifika misafara. Bunduki hizo za Birmingham zilibadilishwa na watu. Watu, si mbao za mepo. Huyo mzee wako na wageni wa Williamsburg hilo wanalisema?

Seremala_wa_Keko

Dada, huna unalolikosea. Birmingham ilipeleka Afrika Magharibi shehena kwa shehena za bunduki za bei rahisi na zikalipiwa kwa binadamu. Na Williamsburg yenyewe, huo mji wenye karakana nzuri, karibu nusu ya wakazi wake wakati ule walikuwa Waafrika watumwa. Mzee hilo hulisema mwenyewe bila kuulizwa. Wageni wengine wanapiga picha na nyundo wanaondoka.

Nilichoweza kukiona mimi kama fundi ni kwamba bunduki iliyoletwa kwetu haikuwa hii. Ile iliyochongwa kwa miezi ilibaki kwao. Yetu ilikuwa ya biashara, mtutu usio na michirizi, mbao iliyopakwa rangi. Sheikh atakuwa anajua zaidi upande wa Unguja.

Sheikh_Mkunazini

Najua kidogo. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani, 1833, unayo haya. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikija kuchukua pembe na gundi ya sandarusi, zikileta kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani, pamoja na baruti na bunduki. Mkataba ukasema silaha na baruti kisiwani Unguja ziuzwe kwa serikali pekee. Kwenye bandari nyingine za Sultani biashara iwe huru. Said alijua asichokitaka kiwe karibu na kitanda chake. Huko bara kikienda, ni shauri la bara.

Halafu Bint Bagamoyo, sikia hili. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakapiga marufuku kuingiza silaha sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Wakaacha tundu moja: bunduki ya gumegume isiyo na michirizi, na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani Ulaya walikuwa wameshaiacha miaka 50, wana bunduki za risasi nyingi na bombomu, yaani bunduki za rashasha, sisi tukaruhusiwa ile ya jiwe. Vita vya Majimaji 1905 watu waliingia na mikuki na magobore mbele ya bombomu.

Bint_Bagamoyo

Hapo kwenye tundu moja nimenyamaza. Ahsante Sheikh. Gumegume kwelikweli.

Mnyaki_Rungwe

Duh.

Kijana_wa_Nzega

Wakuu mada tamu sana. Sasa mkuu Seremala, mimi huku kijijini nguruwe pori wanamaliza mahindi. Nina bomba la maji zuri kabisa la inchi, na fundi wa kulehemu yupo. Nielekeze tu huo mtambo nimalizie mwenyewe. Hata PM sawa.

Seremala_wa_Keko

Hapana, mdogo wangu. Wala usije PM.

Kwanza, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikubagui kwa sababu ni gobore. Kutengeneza au kumiliki bila leseni ni jela, na mahakamani hakuna atakayesikiliza habari za Dickert. Nguruwe wapelekee afisa wanyamapori wa wilaya na serikali ya kijiji.

Pili, bomba la maji lilitengenezwa kubeba maji. Hata mitutu ya kweli, iliyofuliwa na watu wa kazi hiyo, haikuaminiwa hivihivi. London tangu 1637 chama cha mafundi wa bunduki kilipewa hati, na Birmingham ikajengewa nyumba yake ya majaribio 1813. Mtutu unatiwa baruti kupita kiasi, watu wanakaa mbali nyuma ya ukuta, unalipuliwa. Usipopasuka unapigwa muhuri. Mingine ilipasuka. Hiyo ni mitutu ya mabingwa.

Fundi_Gerezani

Namuunga mkono. Mjomba wangu alikuwa na gobore la bomba. Alikuwa na vidole kumi, sasa hivi nikimsalimia kwa mkono wa kushoto nashika viwili na kipande. Bomba lina mshono kwa ndani, hauonekani. Achana nalo kijana.

Kijana_wa_Nzega

Nimeelewa wakuu. Nilikuwa nauliza tu.

Wa_Kitui

Hakuna aliyekuwa "anauliza tu" akiwa tayari ana bomba 😂

Seremala_wa_Keko

Mrejesho, wiki tatu baadaye, maana mlinisumbua kweli.

Ubao wa pili umepona kekee. Mdeki umepita, unatoka na kuingia kwa sauti laini kama droo iliyokaa vizuri. Nimeupaka ile dawa ya rangi ya kizamani, asidi ya nitriki iliyoyeyushiwa vipande vya chuma. Ukishaipaka ubao unakuwa kijanikijani kama maiti, unasikitika, halafu unausogezea chuma cha moto na mbele ya macho yako unageuka kahawia nyekundu na mawimbi yanatoka yote. Baada ya hapo mafuta ya kitani, kwa kiganja, kila jioni tone mbili tatu. Mke wangu anasema nanuka kama duka la rangi.

Mtambo ndio uliobaki. Kibamba cha pua nilikifua mwenyewe, mara ya kwanza mzee kuniachia. Kilifungiwa kwenye sanduku la chuma pamoja na mkaa wa mifupa na ngozi, kikakaa motoni saa kadhaa, kikatupwa kwenye maji. Jana usiku akazima taa zote za banda. Hakuna baruti, hakuna mtutu, mtambo mtupu umebanwa kwenye vaisi. Akasema vuta.

Nikavuta. Ta! Cheche mbili, nyekundu iliyochoka, moja ikazimika hewani, moja ikaanguka nje ya kifa.

Akawasha taa. Akapitisha tupa kwenye uso wa kibamba, ikakwaruza. Ilitakiwa iteleze. Laini. Akaniuliza kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, na lafudhi yake ya Kijerumani cha Pennsylvania: "Gumegume?"

Nikamwambia ndiyo mzee, gumegume. Kesho tunarudisha kwenye sanduku la mifupa.